Robo Milimita ya Maduhu

Maduhu Ng'wandu aliingia karakanani bila kubisha hodi, akasimama katikati ya chumba na mwili wake wote ule, akauliza kama siku hizi Wanyamwezi wameruhusiwa kukalia viti au bado wanavibeba kichwani.

"Tunavibeba," Nyamizi akajibu bila kugeuka. "Hiki nakipeleka kwa Wasukuma. Nasikia mnakula mmesimama, eti mkikaa ugali unachelewa kufika."

Ndivyo walivyosalimiana kwa miaka kumi na miwili. Nyamizi Mnyamwezi wa Sikonge, Maduhu Msukuma wa Magu, watani wa kuzaliwa, na utani hauombewi ruhusa. Nyamizi alikuwa fundi wa meno katika kliniki ya Dokta Kalunde, mtaa wa Isevya, mwendo mfupi kutoka stesheni mpya ya Tabora. Maduhu alikuwa dereva wa treni ya kasi ya Kigoma, ile inayoondoka saa nane mchana na abiria mia sita. Ng'washi, mkewe Maduhu, alipofariki, miezi mitatu nyuma, Nyamizi ndiye aliyekwenda kujilaza kwenye mkeka wa wafiwa na kutangaza kwamba hainuki mpaka achinjiwe kuku wawili na mmoja wa kubeba. Maduhu, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu alfajiri, akacheka. Watu walimshukuru Nyamizi kwa kicheko kile kuliko walivyowashukuru waliokuja na magunia ya mchele.

Lakini leo utani uliishia hapo. Maduhu akaweka kisanduku cha bluu mezani, akavuta kiti.

"Jana kimeandika mia mbili themanini," akasema. "Leo mia mbili tisini na mbili."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Tangu treni moja ilipoanguka darajani, dereva wake akiwa amesinzia, Shirika la Reli lilimtaka kila dereva wa treni ya kasi alale na gango mdomoni. Gango lenyewe ni kitu kidogo, kifuniko cha plastiki ngumu kinachovalishwa meno ya juu ili mtu anayesaga meno usingizini asiyamalize. Madaktari wamewapa watu magango tangu zamani. Kilichoongezwa na Shirika ni punje, kidude cha ukubwa wa mtama, kilichofukiwa ndani ya plastiki chini ya gego la kushoto, kinachohesabu kila mara mataya yanapokabana. Asubuhi dereva analiweka gango kisandukuni, na kisanduku kinapeleka namba makao makuu kabla hajapiga mswaki. Ikifika mia tatu kwa siku tatu mfululizo, dereva anashushwa kwenye kiti chake mpaka madaktari wa Shirika waridhike, nao hawakuwa watu wa kuridhika upesi.

"Unalala kweli?" Nyamizi akauliza.

"Nalala. Ila nikiamka taya linauma utadhani usiku kucha nimetafuna mfupa." Akajipapasa shavu. "Sikiliza. Hiki kisanduku hakijui msiba. Kinahesabu tu. Ng'washi amekufa, mimi nasaga meno. Ugonjwa uko wapi hapo?"

"Omba likizo."

"Nikakae na nani? Kanga zake bado ziko nyuma ya mlango, sijui nizifanye nini. Nikiwa kwenye treni angalau mbele naona reli."

Nyamizi alimwonea huruma, na huruma yake ilikuwa na hasira ndani yake. Hakuwahi kuipenda punje. Aliona ni ushenzi mtu kupelelezwa mpaka mdomoni, tena akiwa amelala, kwa kosa la kufiwa.

Akafungua faili ili amchoree gango jipya. Kinywa cha Maduhu kikatokea kwenye kioo cha kompyuta, taya la juu na la chini, jino kwa jino, pamoja na lile gego lililovunjika pembeni ambalo mwenyewe alidai alilivunjia muwa. Kazi ya kuchora gango ilifanywa zaidi na programu: ilipima, ikajenga kifuniko, ikakilaza juu ya meno. Lakini sheria ilitaka hatua ya mwisho ifanywe na mtu. Mafundi waliiita kufumba. Fundi anashika taya la chini kwenye kioo, analipandisha taratibu mpaka liguse gango, na pale linapogusa panawaka nyekundu. Kisha anapunguza hapa, anaongeza pale, mpaka mgonjwa ang'ate sawasawa kila upande. Akiridhika anaweka dole gumba, na tangu hapo gango lile lina jina lake.

Alifumba mara ya kwanza. Gego la kushoto likawaka nyekundu, juu kabisa ya punje.

Alijua la kufanya kabla hajajiruhusu kulifikiria. Plastiki ya pale ikiondolewa robo milimita, unene wa kurasa mbili tatu za daftari, gego litabaki linaelea. Nguvu yote itahamia kwenye chonge, lile jino la pembeni lenye ncha. Maduhu atasaga kama kawaida, na punje haitasikia kitu.

Akakwangua. Nyekundu ikafifia, ikazimika. Programu ikaandika kwa adabu zake: *Mguso wa gego la kushoto umepungua. Chagua sababu.* Kulikuwa na sababu sita zilizopangwa. Nyamizi akachagua ya pili, *starehe ya mgonjwa*, na kwa kweli wakati ule hakuona kama anadanganya. Akaweka dole gumba.

Kichapishi kilipomaliza, alimvalisha Maduhu gango jipya, akampa karatasi ya bluu ang'ate ili rangi ionyeshe mahali meno yanapokutana. Gego halikuacha hata doa. Hakumweleza alichofanya, na Maduhu hakuuliza. Walikuwa wameelewana bila kuambizana.

Maduhu alipofika mlangoni akageuka.

"Mnyamwezi, unajua mara mbili nimejikuta Kaliua? Urambo sikuiona."

"Utaionea wapi? Msukuma akishashiba ni ng'ombe wanaomrudisha nyumbani."

Maduhu akacheka. Nyamizi akacheka. Maduhu akabaki kidogo ameshika fremu ya mlango, kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua, kisha akaenda zake.

*

Magango ya reli hukaguliwa kila baada ya wiki sita. Siku ya Maduhu ilipofika, aliliacha mapokezi asubuhi, akasema yuko zamu ya saa nane na atalipitia kesho, kwa kuwa usiku wa ukaguzi haudaiwi namba. Nyamizi alilitoa kisandukuni saa nne na nusu, akiwa na chai yake mkononi, akaliweka chini ya skana.

Chai aliishia kuimwaga.

Upande wa magego plastiki ilikuwa inang'aa kama siku ilipotoka kwenye kichapishi. Kwenye chonge la kushoto kulikuwa na mfereji. Alipitisha ukucha, ukucha ukazama. Alipoliinua kwenye mwanga wa dirisha aliona plastiki imebaki utando tu, mwembamba kama ganda la kitunguu. Madereva wengine walimaliza miaka minne bila kuchimba shimo kama lile. Maduhu alilichimba kwa siku arobaini na mbili.

Akafungua namba zilizotumwa makao makuu. Sitini na moja. Hamsini na nane. Sabini. Sitini na nne. Kwa namba zile, hakukuwa na dereva aliyelala vizuri kuliko Maduhu kati ya Dodoma na Kigoma.

Programu ilikuwa na uwezo wa kukadiria msago kutokana na plastiki iliyolika. Akaiuliza. Ikamjibu: mia tisa na kumi kwa usiku mmoja.

Nyamizi akakaa chini. Yale aliyofundishwa mwaka wa kwanza wa kazi yalimrudia yote, na alikuwa anayajua siku zote. Anayesaga kiasi hicho hazami usingizini. Anakaa juu juu, usiku kucha, na asubuhi anaamini amelala kwa sababu macho yalikuwa yamefumbwa. Kisha mwili unaanza kuiba mchana. Unaiba sekunde tano, sekunde kumi, macho yakiwa wazi. Treni ya kasi ina kanyagio ambalo dereva lazima alibonyeze kila baada ya muda mfupi ili kuonyesha yuko macho, asipobonyeza treni inasimama yenyewe. Lakini mguu uliobonyeza miaka ishirini unaijua kazi hata mwenyewe akiwa hayupo. Unabonyeza, unaachia, unabonyeza, na kilomita zinapita.

Unajikuta Kaliua. Urambo hujaiona.

"Mungu wangu," akasema peke yake. Yule mtu hakuwa anatania.

Dokta Kalunde alikuwa na mgonjwa. Nyamizi alisubiri mpaka mgonjwa akatoka ameshika shavu, akaingia, akaliweka gango juu ya trei ya vyuma, akasema yote, pamoja na robo milimita na sababu ya pili. Daktari alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mpole, ambaye ndiye aliyemfundisha Nyamizi kufumba. Aliligeuza gango kwenye mwanga wa taa.

"Umeshamwambia mtu?"

"Wewe, Dokta."

"Basi ngoja kwanza, mwanangu. Ukituma taarifa ya dharura, Maduhu anashuka leo, hilo sawa. Lakini haiishii kwake. Magango yote yenye dole lako wataagiza yarudishwe. Ni mangapi?"

"Arobaini na moja."

"Madereva arobaini na moja wakae nje mpaka wakaguliwe. Wewe kibali kinakwenda. Na kule juu wapo wanaongoja jambo kama hili. Wanataka programu ifumbe yenyewe, mkono wa mtu uondoke. Ukiwapa sababu watafurahi. Leo madereva, kesho wauguzi, keshokutwa walimu, kila mtu na punje mdomoni, na hakuna fundi wa kumwambia mashine hapa umekosea."

"Hapa aliyekosea ni fundi, Dokta."

Kalunde alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha koti, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mpigie simu," akasema. "Mwambie aseme anaumwa. Gango tutalitengeneza upya kimya kimya. Nani atajua?"

Nyamizi alitoka hadi uani, akapiga. Simu ikapokelewa kwa kelele za stesheni nyuma yake.

"Mpagazi," Maduhu akasema. "Umekwama na mzigo wapi, nikutumie treni?"

"Maduhu, leo usiendeshe."

"Ahaa. Sasa mnataka na kiti changu. Treni haibebeki kichwani, mama, mabehewa ni kumi."

"Nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli, ni kumi, uje uhesabu." Akacheka kile kicheko chake kikubwa, akakata.

Alipiga tena, simu haikupokelewa. Nyamizi alisimama uani na simu mkononi kwenye jua la saa sita. Miaka kumi na miwili walikuwa wamejenga nyumba ambayo neno la kweli halina mlango wa kuingilia. Maduhu alikuwa amejaribu kuingia siku ile, akasimama palepale kizingitini, na yeye akamrudisha na ng'ombe wake.

*

Saa nane kasorobo alikuwa stesheni, gango kwenye leso, kishikwambi cha kazi kwapani. Taarifa alikuwa ameshaiandika njiani, kwa sentensi nne. *Mimi ndiye niliyepunguza mguso. Sababu niliyoichagua haikuwa ya kweli. Namba za dereva huyu si sahihi. Asiendeshe.* Chini yake kilibaki kiduara kinachongoja dole gumba.

Hakukibonyeza. Aliona aibu kumshusha mtu kwa mgongo, bila kumtazama usoni.

Abiria walikuwa wanapanda. Mama mmoja alikuwa anabishana na mhudumu juu ya ndoo ya asali, kwamba asali si kimiminika cha hatari. Wanafunzi waliovaa masweta ya kijani walipiga picha na pua ya treni. Maduhu alikuwa mbele kabisa, chini ya ngazi ya kibanda cha dereva, kofia kwapani, akinywa kahawa kwenye kikombe cha karatasi. Macho yalikuwa mekundu. Nyamizi akajiuliza yamekuwa mekundu tangu lini, na yeye alikuwa anatazama nini.

"Amekuja kuhesabu mabehewa," Maduhu akamwambia mhudumu aliyekuwa anapita.

Nyamizi akamsogelea. Akafungua leso, akamwekea Maduhu gango kiganjani pamoja na leso yenyewe. Kisha akakiweka kikombe chake kwenye ngazi, akauchukua mkono wa pili wa Maduhu, akapeleka kidole chake kwenye ule mfereji, akakiacha hapo.

"Hili ni la wiki sita," akasema. "Utani nimeuacha kliniki, Maduhu. Sina hata kidogo. Mia tisa kwa usiku. Nilikwangua chini ya gego ili punje isikusikie, na sasa hakuna anayekusikia. Ulipopita Urambo hukuiona kwa sababu ulikuwa umelala."

Maduhu alikitazama kidole chake. Kicheko kilichokuwa kimeanza usoni hakikufika popote.

"Nilikuambia," akasema.

"Nilidhani unatania."

"Sikuwa natania. Nilikaa siku tatu najipanga namna ya kukuambia." Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Ningemwambia nani mwingine? Kwa wengine nasema namshukuru Mungu, ninaendelea vizuri. Wewe ndiye pekee ninayeweza kukuambia upuuzi wowote. Nikasema nitakuambia na hili, humohumo, utalishika."

"Sikulishika. Nisamehe."

Maduhu akalitia gango mfukoni, akachukua kikombe, akamwaga kahawa iliyobaki kwenye kokoto za reli.

"Imetokea tena?" Nyamizi akauliza.

"Juzi. Sijui ni dakika ngapi. Nilishtuka naipita stesheni bila kusimama, watu wameshika mabegi yao kwenye jukwaa, wananiangalia ninavyopita."

"Basi shuka. Nenda mwenyewe kwa mkuu wa stesheni, mweleze."

"Atafungua namba." Maduhu akanyoosha kidole kuelekea ofisini. "Sitini na moja, hamsini na nane. Atasema mzee, unalala kama mtoto mchanga, kapige kahawa. Wiki iliyopita nilijaribu kuomba siku mbili. Ndivyo alivyoniambia." Akavaa kofia, akaivuta sawasawa. "Leo niko sawa. Nimekunywa vikombe vinne. Niache nipeleke hii moja, kesho tutatafuta namna. Ukibonyeza hicho na wewe wanakuondoa, unajua?"

"Najua."

"Na wenzangu arobaini wanakaa nje. Shija ana mtoto hospitali, unamjua Shija. Na yeye ametengenezewa na wewe."

"Najua. La Shija halina kosa. La kosa ni lako tu."

"Watakuamini?"

"Kwa nini waniamini?"

Mlio wa kwanza wa kuondoka ulilia. Maduhu akaweka mguu kwenye ngazi. Alikuwa na namna ya kupanda ile ngazi, mkono mmoja tu, kwa mbwembwe, kwa ajili ya watoto wanaotazama. Leo alishika kwa mikono yote miwili. Aliposimama juu aligeuka, akamwangalia Nyamizi, na Nyamizi hakuweza kujua kama anaombwa abonyeze au aache. Pengine mwenyewe hakujua. Kule nyuma yule mama wa asali alikuwa ameshinda kesi yake, anapandishiwa ndoo.

Nyamizi akaweka dole gumba.

Halikutokea jambo kubwa. Taa ya kijani juu ya kibanda ikawa ya manjano. Mlango ukajifunga mbele ya Maduhu, mlio mdogo tu, kama kufuli la sanduku la nguo. Kipaza sauti kikawaomba abiria subira, kikasema kuna mabadiliko ya dereva. Kishikwambi kikatetemeka mara moja mkononi mwake, na jina lake, lililokuwa juu ya kioo kwa miaka yote ile pamoja na namba ya kibali, likawa halipo.

Maduhu alishuka polepole. Alikuja mpaka mbele yake, akasimama, akavua kofia. Nyamizi alisubiri. Alitaka aitwe mpagazi. Alitaka atukanwe ukoo mzima wa Sikonge, aambiwe wamezoea kubeba vya watu na leo ameshusha mzigo wa watu mia sita mahali pasipostahili, lolote, na aseme kwa sauti ili wanafunzi wageuke kutazama. Alikuwa tayari kwa yote.

Maduhu akamkabidhi gango, likiwa limefungwa vizuri kwenye leso yake.

"Asante, dada," akasema. "Pole na kazi."

Akaondoka, amenyooka, akipita pembeni mwa abiria waliokuwa wanauliza kuna nini. Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kumwita dada. Nyamizi alimtazama mpaka alipopotea nyuma ya jengo la mizigo. Jibu lilikuwa limeshamfika mdomoni, la utani, zuri kabisa, na hakuwa na mtu wa kumpa.